Korongo wawili wa Ondiri

Jumamosi iliyopita nilitoka Nairobi alfajiri, nikashukia Kikuyu na kushika njia ya vumbi hadi kinamasi cha Ondiri. Kazi yangu ni kuhesabu ndege. Siku hiyo nilitaka tu kutembea na kuomba, ila darubini sikuiacha nyumbani. Huku ndiko Mto Nairobi unakopata maji yake ya kwanza, mto uleule tunaouvuka mjini tukiwa tumeziba pua.

Ondiri ni mahali pa ajabu. Juu ya maji pametandazika zulia nene la mizizi, matete na mboji, nalo linaelea. Ukikanyaga ukingoni, ardhi inatetemeka chini ya nyayo, na tete lililo hatua tatu mbele yako linainama kana kwamba limeguswa.

Niliwakuta korongo taji wawili, dume na jike, wakila majanini. Wanapigapiga miguu chini, panzi wanaruka, wao wanadona. Korongo hawa hulala juu ya miti, jambo ambalo korongo wengi hawaliwezi, kwa sababu kidole chao cha nyuma ni kirefu na kinashika tawi. Lakini kiota hukijenga chini, katikati ya matete, maji yakiwa ndiyo boma lao. Maji yakipungua, mbwa anatembea hadi kwenye mayai. Ndiyo maana kukausha kinamasi huwamaliza kimyakimya: wakubwa bado tunawaona, wanaishi miaka mingi, tunadhani mambo ni shwari, kumbe makinda hayapo. Ongeza sumu ya mashambani, nyaya za umeme na watu wanaoiba makinda wakauze. Tangu 2012 korongo taji wanahesabiwa miongoni mwa ndege walio hatarini kutoweka duniani.

Wala si wao peke yao. Kati ya 1977 na 2016, wanyamapori wa nyanda za malisho za Kenya walipungua kwa takriban asilimia 68. Hayo yametokea katika nchi inayojaza makanisa kila Jumapili, na mimi nikiwa ndani.

Mwanzo 2:15 inasema Mungu alimweka mtu katika bustani ya Edeni “ailime na kuitunza.” Kwa miaka mingi nililisikia neno hilo “kuitunza” kama kufagia ua. Kwa Kiebrania ni shamar, na ndilo lililomo katika baraka ya Hesabu 6, “Bwana akubariki, na kukulinda.” Ndilo pia Kaini analolitumia anapouliza kama yeye ni mlinzi wa ndugu yake. Tangu nilipolijua hilo, siwezi tena kuuweka utunzaji wa mazingira kando, kama shughuli ya vijana Jumamosi moja kwa mwaka. Ninavyomwomba Mungu anilinde usiku, ndivyo alivyoniagiza niilinde chemchemi.

Na sikuilinda. Nikiwa kijana, kanisa nililosali lilipanda mikaratusi kando ya kijito ili tupate mbao za kuezekea. Nilishika jembe kwa furaha, tukaimba. Mikaratusi hukua haraka kwa sababu hunywa sana, na kijito kile sasa hupitisha maji wakati wa masika tu. Nimeshatubu, lakini toba haijarudisha maji. Kung’oa visiki na kupanda miti ya asili ndiko kutakakoyarudisha, pole pole.

Nikiwa bado nimesimama, mzee mmoja aliyekuwa akichunga ng’ombe akanisogelea.

“Mwanangu, unawatafuta wale watoto wao?”

“Ndiyo, mzee. Umewaona?”

“Mwaka huu, la. Zamani walikuwa wanapita hapa na watatu nyuma yao.”

Nikampa darubini. Aliishika kwa mikono miwili, akawatazama kwa muda mrefu bila kusema neno, ng’ombe wake wakaanza kuingia kwenye shamba la watu. Kisha akaniuliza kama naweza kurudi Jumapili, baada ya ibada, niwaonyeshe wajukuu wake.

Kwenye daftari niliandika: korongo taji wawili, kinda hakuna. Chini yake nikaandika saa ya Jumapili.