Paka aliyeshiba bado anawinda

Wengi tumekua tukisikia kwamba paka wa uani hapewi chakula, eti akishiba hakamati panya. Ndiyo maana mtu ana paka saba nyuma ya nyumba na anawatupia miiba ya samaki tu.

Kwa paka, njaa na uwindaji ni mambo mawili. Mtazame aliyetoka kula wali na dagaa: mjusi akipita ukutani, tumbo linagusa sakafu, masikio mbele, ncha ya mkia inatikisika. Anaruka. Pengine hata hamli, anakuachia mlangoni kama zawadi (asante sana). Mwenye njaa naye huenda kuzurura majalalani, panya wako wakabaki palepale.

Panya buku ni habari nyingine. Paka wengi humkwepa, washibe wasishibe.

Basi walishe, saa ileile kila siku, na sahani uziondoe wakimaliza. Mabaki ya usiku ndiyo yanayoita panya. Na daktari wa mifugo awafunge kizazi mapema: jike anaweza kushika mimba akiwa na miezi 4 tu, na huzaa baada ya miezi 2 hivi.