Mti ukiinama, anza kutazama ardhi

Masika yakikaribia simu yangu haipumziki. Karibu kila anayepiga anaanza vilevile: "Fundi, mti umelalia nyumba, njoo uukate." Nikifika, mara nyingi mti ninaooneshwa hauna neno, na wenye neno uko nyuma ya mgongo wa mwenye nyumba.

Ndivyo ilivyokuwa Kigamboni, kwa mama mmoja aliyekosa usingizi kwa sababu ya mnazi wake. Mnazi wenyewe umeinama kweli, umepita juu ya jiko la nje kama mtu anayechungulia sufuria. Lakini shina limepinda taratibu: chini limelala, juu limenyooka kufuata mwanga. Huo umeinama tangu udogoni na umekua ukilijua hilo. Miti mingine nayo hujirekebisha kwa namna yake. Mwembe au mkaratusi ulioinama hujenga mbao za pekee upande wa juu wa shina ili ujivute, na msonobari hujenga upande wa chini ili ujisukume. Mwinamo wa miaka mingi wenye kilele kilichonyooka haunitishi sana. Nilimwambia mama amtafute mkwezi aangue nazi na makuti makavu, basi.

Nikamwomba tuzunguke nyumba. Pembeni, karibu na ukuta wa uzio, palikuwa na mwarobaini ambao hakuna aliyeutaja. Ulikuwa umeelekea nyumbani kidogo tu, ila shina lake lilikuwa limenyooka kama rula kuanzia chini hadi juu, mti mzima umeegama kwa pamoja. Maana yake uliota wima, ukaja kuinama ukubwani. Nikapiga magoti upande wa ukutani, ule uliopewa kisogo. Udongo ulikuwa umevimba, na juu yake ufa wa nusu duara. Kidole changu kiliingia hadi kiungo cha pili. Upepo wa baharini ulipovuma, ufa ukafunguka, kisha ukafumba kama mdomo.

Nikasimama haraka. Nikamwomba mama wajukuu wasilale tena vyumba vya upande ule, kuanzia usiku huohuo.

"Hapa chini kuna nini?" nikauliza.

"Karo la maji machafu. Tulichimba mwaka juzi."

Watu wengi hudhani mizizi imezama kama nguzo. Sehemu kubwa ya mizizi inayoushikilia mti iko kwenye sentimita 60 hivi za juu, imetandaa kama sinia, na hupita hata kivuli cha matawi. Ukichimba karo, msingi wa ukuta au mtaro wa bomba, unakata kamba za hema. Hesabu tunayotumia ni hii: pima kipenyo cha shina usawa wa kifua, zidisha mara 12. Shina la sentimita 50 linataka mita 6 za ardhi isiyoguswa kila upande. Kwenye kiwanja cha mita 20 kwa 20, chenye nyumba, karo na uzio, jawabu unalo. Na mti hauanguki siku ya kuchimba. Mizizi iliyokatwa huoza polepole, kisha masika moja inalainisha udongo, kisha unakuja upepo ambao miaka mingine usingefanya kitu.

Kama huna uhakika mti wako umeanza lini kuinama, azima timazi ya fundi mwashi, ule uzi wenye uzito nchani. Ishikize shinani mita 2 kutoka chini, upande ulioinamia, uache uzi uning'inie, kisha pima kutoka uzi hadi shina penye udongo. Sentimita 50 na ushei ni mwinamo wa digrii kama 15, na hapo mwite mtaalamu. Lakini chenye thamani zaidi ni kurudia kipimo mwezi ujao. Kikiongezeka hata kidogo, usisubiri wa tatu. Angalia pia uyoga mgumu kama kibao uliojishika chini ya shina, na gonga kwa nyundo ya mti: pakilia kama ngoma, ndani kumeoza.

Kuna dawa ya mtaani nisiyoipenda, kuukata mti kichwa. Machipukizi yanayofuata hushika juu juu tu, na jeraha lile linakaribisha uozo. Mti wenye mizizi mizima unaweza kupunguzwa matawi ya upande ulioinamia, kwa kiasi. Ule ambao ardhi yake imenyanyuka hautibiki kwa panga, na wala haukwewi. Kijana atakayeukwea anaongeza uzito kwenye kitu kinachotafuta sababu ya kuanguka.

Msumeno pia una hila zake hapa. Shina lililoinama limevutika upande wa juu. Ukilikata kutoka nyuma kama mti wa kawaida, linaweza kupasuka kwa urefu kabla hujafika katikati, na kipande cha nyuma kikaruka na kumpiga mtu usoni. Nimeliona hilo mara moja, kwa bahati hakuna aliyeguswa, na sijasahau mlio wake.

Kwa mama tulikodi kreni, na bei yake ilimuuma. Tulipitia serikali ya mtaa kwanza, wakatuelekeza kwa ofisa wa halmashauri kuhusu kibali, na kwa kuwa waya wa umeme ulipita matawini, TANESCO walizima kabla hatujagusa jani. Tuliushusha vipandevipande kuanzia juu.

Kisiki kilipong'oka tulikuta mizizi minne minene upande wa karo, yote imekatwa kwa shoka, ncha zake nyeusi na laini kiasi cha kumenyeka kwa kucha. Mama akaokota kipande kimoja, akaingia nacho ndani kumwonesha mzee, maana ndiye aliyesimamia uchimbaji.