Si kila pete yenye msalaba ni ya Mtempla

Natathmini fedha za kale hapa Uingereza, na kauli moja nimeisikia mpaka imenichosha: “Pete hii ya fedha ina msalaba mwekundu, kwa hiyo ilikuwa ya Mtempla.” Hapana.

Watempla walikuwa shirika la Kikristo la watawa waliobeba panga, enzi za Vita vya Msalaba. Waliweka nadhiri ya ufukara, na kanuni yao, iliyopitishwa kwenye mtaguso (mkutano wa viongozi wa Kanisa) wa Troyes, Ufaransa, mwaka 1129, haikuacha mwanya: dhahabu na fedha zilikatazwa hata kwenye hatamu na vikuku vya farasi. Ndugu akipewa sadaka ya vifaa vikuukuu vilivyonakshiwa fedha, ilibidi mng'aro wake ufifishwe kwanza, asije akaonekana anajivuna. Aliyekufa akakutwa na pesa za siri alinyimwa kaburi kwenye ardhi iliyobarikiwa. Mtu wa namna hiyo angevaaje pete nzito ya fedha kwa fahari?

Wengine hunionyesha wapanda farasi wawili juu ya farasi mmoja. Mchoro huo ni wa kweli, lakini ulikuwa kwenye muhuri wa shirika, wa kuthibitishia nyaraka. Haukuwa pambo la kila ndugu. Msalaba nao walivaa watu wa kila aina Ulaya: wafanyabiashara, wajane, wacha Mungu, hata waliotafuta kinga ya maradhi.

Nyingi ninazoletewa zina msalaba uliopenya taji, na maneno ya Kilatini *In hoc signo vinces* (“kwa ishara hii utashinda”). Hizo ni alama za Freemason waliojiita Watempla kuanzia karne ya 18, wakati shirika lenyewe lilifutwa na Papa Klementi V mwaka 1312. Geuza pete uangalie ndani: ukiona 925, hiyo ni alama ya kisasa ya usafi wa fedha, yaani sehemu 925 kati ya 1,000.

Msalaba wenye ncha nane? Huo ni wa Wahospitali wa Mtakatifu Yohane, shirika jingine la watawa wapiganaji, na umbo lake kali tunalolijua lilikomaa karne ya 16, walipokuwa wamehamia Malta.

Weusi pia si cheti cha ukale. Salfa huifanya fedha iwe nyeusi kwa dakika chache tu. Chini ya lenzi, pete ya kughushi mara nyingi ina weusi uliojaa sawasawa kwenye kila mfereji, na vishimo vidogo vya mapovu ya kumiminia. Pete iliyovaliwa kweli imelika zaidi upande wa kiganja, na kingo zake zimelainika bila mpangilio.

Kwa hiyo nakuomba sana: usiisugue! Dawa ya meno na magadi huondoa ushahidi wote ninaouhitaji, na haurudi. Ifunge kwenye karatasi laini, uilete ilivyo. Na kama umeichimbua mwenyewe Uingereza au Wales, usianze na mimi wala mnunuzi. Pete ya fedha iliyozidi miaka 300 ni hazina kisheria, na inapaswa kuripotiwa kwa coroner, afisa wa kisheria anayeamua kuhusu hazina, ndani ya siku 14.