Tundu Kubwa Si Nguvu Kubwa

Kwenye gereji za Ngamiani, Tanga, utasikia kwamba injini ya rota (kipande cha pembe tatu kinachozunguka badala ya pistoni) yenye tabo, yaani feni inayozungushwa na moshi ili kusukuma hewa ndani, ukiichonga matundu ya hewa na moshi hadi mwisho, gari litapaa. Si kweli.

Chukua 13B, injini ya Mazda RX-7: rota 2, kila moja sentimita za ujazo 654. Haina valvu, rota ikizunguka ndiyo hufungua na kufunga matundu. Kwa hiyo ukichonga hupanui njia tu, unabadilisha muda. Tundu la kuingizia hewa likifunguka mapema mno, la eksozi bado liko wazi, na presha ya moshi ikizidi ya hewa inayoingia, moshi hurudi ndani. Sailensa, yaani mzunguko wa injini gari likiwa limesimama, inayumba, petroli inaliwa, na mizunguko ikiwa chini gari linakuwa zito, hata kwa safari ya Raskazone tu, hapa hapa Tanga. Baya zaidi, na hili linaniuma, ukivuka mpaka, sili za kona (vizibo vidogo kwenye pembe za rota) hukosa pa kuegemea, zikanasa tunduni. Injini imekufa.

Kwa barabarani chonga kiasi, ulainishe kingo. Eksozi ikifunguka mapema kidogo, tabo huamka haraka. Nguvu nyingine itafute kwenye presha ya tabo, kipoza hewa na petroli ya kutosha.