Mama anasahau: ni uzee, amerogwa, au ni ugonjwa?

Maswali haya huulizwa sana na watu wanaowaleta wazee wao kliniki ya presha hapa Tanga.

Daktari, mama yangu alipotea akitoka sokoni Ngamiani, njia aliyoipita miaka yote. Si uzee tu huo?

Hapana. Kusahau ulipoweka miwani ni uzee. Kupotea mtaani kwako, kurudia swali lile lile asubuhi nzima, kushindwa kuhesabu chenji, hizo ni dalili za ugonjwa wa ubongo, na zinapimwa. Inaniuma kuona wazee wakifungiwa ndani au kuitwa wachawi kwa sababu hiyo. Mama hajarogwa, anaumwa.

Wanyama wanaofanana nasi, kama sokwe, nao ubongo wao huchakaa?

Huchakaa, ila si kama wetu. Mwaka 2011 watafiti walilinganisha picha za ubongo wa sokwe 99 na watu 87. Wa watu ulisinyaa wazi kadiri umri ulivyosogea. Wa sokwe haukuonyesha hivyo. Sababu kubwa ni kwamba sisi tunaishi muda mrefu zaidi: sokwe ni nadra kufika miaka 60. Halafu ubongo wetu ni mkubwa, karibu kilo 1.4, wakati ule wa sokwe ni kama gramu 400. Wetu ni asilimia 2 tu ya uzito wa mwili, lakini unatumia karibu asilimia 20 ya nguvu zake. Kiungo chenye njaa hivyo, mishipa yake ya damu ikiharibiwa na presha, kinaumia haraka.

Mbona wagonjwa wengi ni akina mama?

Kwanza, wanaishi zaidi ya wanaume, na umri ndio hatari kubwa kuliko zote. Kushuka kwa homoni ya estrojeni baada ya ukomo wa hedhi nako kunachunguzwa. 

Na maisha marefu ya bibi si hasara. Wanasayansi waliokaa na Wahadzabe, karibu na Ziwa Eyasi, waliona vikongwe wakichimba mizizi kuwalisha wajukuu. Baadhi yao wanaamini kazi hiyo ya bibi ndiyo iliyofanya binadamu aishi muda mrefu hivi.

Tufanye nini sasa?

Mpelekeni hospitali mapema. Upungufu wa vitamini B12, tezi ya shingo kutofanya kazi vizuri, sonona, hata dawa fulani, vyote huweza kumfanya mzee asahau, na vinatibika. Akigundulika ana ugonjwa wenyewe wa ubongo (dementia), bado kuna la kufanya: presha na sukari zidhibitiwe, masikio yapimwe, asikae peke yake. Siku ya kliniki njooni na dawa zake zote kwenye mfuko mmoja, hata za mitishamba, na aje ndugu anayeishi naye, si yule anayemtembelea sikukuu tu.