Kushuhudia: Kuona, Kisha Kusema

Swali linalotufikia mara kwa mara sisi tunaoshughulika na lugha ni hili: aliyeona ajali ni shahidi au shuhuda? Jibu limo katika kitenzi chenyewe, shuhudia, chenye kazi mbili: kuona jambo likitokea ukiwepo, na kulisema uliloliona.

Asili yake ni mzizi wa Kiarabu sh-h-d, unaobeba maana ya kuwepo mahali na kuona. (Ile -ia ya mwisho isikudanganye, si kama ya “pikia” inayotokana na “pika”: leo hatutumii kitenzi “kushuhuda”.) Kiswahili kilipokea ukoo mzima. Kidole kinachofuata gumba ni kidole cha shahada, kwa kuwa ndicho Mwislamu anachokiinua akitamka shahada ndani ya sala. Anachotunukiwa mhitimu wa chuo kikuu nacho ni shahada, ithibati kwamba alisoma. Kiarabu hutofautisha kwa urefu wa vokali anayeona jambo na anayekufa kwa ajili ya imani. Kwetu wote wawili wamekuwa shahidi, ndiyo maana Mashahidi wa Uganda na mashahidi wa kesi ya wizi wa kuku huitwa jina moja.

Turudi kwenye ajali. Waandishi wa habari wamezoea kuwaita “mashuhuda” waliokuwa eneo la tukio, na watu hao hao wakishaitwa mahakamani huwa “mashahidi”. Mgawanyo huo naukubali, unasaidia. Ushahidi na ushuhuda navyo vimeachana vivyo hivyo: cha kwanza kimeshika mahakama, cha pili kinasikika zaidi kanisani, muumini akieleza aliyotendewa na Mungu. Kisu chenye damu kinaweza kuwa ushahidi, lakini hakiwezi kutoa ushuhuda.

Chini ya hati nyingi utakuta maneno “Imeshuhudiwa na”, kisha mstari mtupu. Anayeandika jina lake hapo anathibitisha kwamba aliiona saini ikitiwa, basi. Hadhamini kwamba yaliyomo ni kweli. Wapo wanaoikimbia kalamu kwa kuhofia deni la mwenzao. Na wapo, kibaya zaidi, wanaosaini leo hati iliyotiwa saini jana wao wakiwa kwao. Hao hawakushuhudia kitu.

Kinachonikera binafsi ni sentensi kama “Mwaka huu umeshuhudia ongezeko la mvua.” Mwaka una macho? Muundo huo umeingia kwa tafsiri za haraka, nasi tunao wetu, mfupi zaidi: mwaka huu mvua zimeongezeka. Vivyo hivyo “mechi ilishuhudia mabao matatu.” Mabao yalifungwa na wachezaji, wakayashuhudia watazamaji, isipokuwa yule aliyekuwa ametoka nje kupokea simu. Huyo alisimuliwa tu.