Programu za Kushirikiana Kazini: Yanayosemwa na Yaliyo Kweli

Kampuni nyingi hulipia programu za kompyuta za kushirikiana, yaani za kuandikiana na kuhariri nyaraka kwa pamoja, na baada ya miezi michache kazi imerudi kule kule: kwenye barua pepe, kwenye simu, na kwa yule mtu mmoja aliyezoea kuulizwa kila kitu. Wafanyakazi hulaumiwa kwamba hawapendi mabadiliko. Naona wanaonewa. Mara nyingi mambo huharibiwa na dhana ambazo uongozi ulikuwa nazo hata kabla ya kununua.

"Tukishanunua, watu wataitumia"

Dhana hii imekula fedha nyingi. Google, isiyopungukiwa fedha wala mafundi, ilitangaza Google Wave Mei 2009: mazungumzo, nyaraka na uhariri wa pamoja, vyote mahali pamoja. Agosti 2010 ikatangaza kuacha kuiendeleza kwa kuwa watumiaji hawakuwa wengi kama ilivyotarajiwa. Uwezo ilikuwa nao, ila wengi hawakujua ni kazi ipi ya leo waihamishie humo.

Slack ilizaliwa kinyume chake. Timu iliyotengeneza mchezo wa kompyuta ulioitwa Glitch ilikuwa imetawanyika miji mbalimbali, ikajitengenezea chombo cha kuandikiana kazini. Mchezo ulifungwa 2012, chombo kikabaki, na 2014 kikafunguliwa kwa wote. Yammer nayo, mtandao wa kijamii wa ndani ya kampuni ulioanza 2008, iliingia maofisini kupitia wafanyakazi wenyewe. Mwenye barua pepe ya kampuni alijiunga bure na kuwaita wenzake, kisha mwajiri akaja kulipa ili awe na udhibiti. Microsoft iliinunua 2012 kwa dola bilioni 1.2.

Kwa hiyo anayetaka programu ishike aanze na kero moja ambayo kila mtu anaijua: ratiba ya zamu, malalamiko ya wateja, au orodha ya bei ambayo hakuna mwenye hakika ipi ni ya mwisho. Aihamishe hiyo yote, aifunge njia ya zamani. Na bosi mwenyewe aandike humo. Akiendelea kujibu kwa barua pepe, wote watamfuata huko huko.

"Ni mambo ya juzi, yaliletwa na korona"

Tovuti ya kwanza ya aina ya "wiki", yaani ambayo wasomaji wenyewe huihariri, ilifunguliwa na mtaalamu wa programu Ward Cunningham Machi 1995. Mwaka 2006 mtafiti Andrew McAfee, wakati huo akiwa Chuo Kikuu cha Harvard, aliandika kuhusu benki ya uwekezaji ya Dresdner Kleinwort Wasserstein, ambayo tayari ilikuwa ikitumia wiki na blogu kwa kazi zake za ndani. Korona iliongeza kasi tu.

"Kila mtu akiweza kuhariri, itakuwa vurugu"

Hofu hii inaeleweka, lakini hata mashirika ya ujasusi ya Marekani yaliivuka. Wiki yao, Intellipedia, ilianza kwa majaribio 2005, ikitumia programu ile ile inayoendesha Wikipedia. Kila badiliko hubeba jina la aliyelifanya, na toleo la awali huweza kurudishwa. Kazini huwezi kujificha nyuma ya jina bandia. Kwa maoni yangu, tatizo linalosumbua ofisi nyingi ni ukimya: wanaojua wanaogopa kuandika kabla mkubwa hajasema.

"Kundi la WhatsApp linatosha"

Dar es Salaam, Nairobi au Kampala, hiki ndicho chombo cha kushirikiana cha biashara nyingi, na silibezi kundi hilo hata kidogo. Dereva, fundi na mtu wa stoo wako humo tayari, bila semina wala mafunzo. Ni jambo ambalo programu za gharama kubwa zimelitafuta bila kulipata.

Tatizo huanza pale maamuzi yanapofanyika humo. Bei iliyokubaliwa Jumanne inafunikwa na salamu za Ijumaa. Mfanyakazi mpya kwa kawaida hayaoni yaliyosemwa kabla hajaingia. Anayeacha kazi anaondoka na simu yake, ikiwa na majina na namba za wateja, wakati sheria za ulinzi wa taarifa binafsi, ya Kenya ya 2019 na ya Tanzania ya 2022, zinaitaka kampuni iliyokusanya taarifa hizo izilinde.

Marekani wameshaonja gharama yake. Desemba 2021 benki ya JPMorgan, pamoja na kampuni zake tanzu, ilikubali kulipa jumla ya dola milioni 200 kwa mamlaka mbili za usimamizi, kwa kutohifadhi mazungumzo ya kazi ambayo wafanyakazi wake waliyafanya kwenye simu binafsi, WhatsApp ikiwemo. Hata waliopaswa kusimamia utaratibu walikuwa wakiandikiana hivyo hivyo.

Kundi libaki kwa kuitana na kuulizana. Bei, maamuzi na namba za wateja ziingizwe kwenye waraka wa pamoja ulio katika akaunti ya kampuni, na ateuliwe mtu mmoja wa kuzihamisha kila siku kabla ofisi haijafungwa.